Pale Anaponyamaza Mshamu

Saa moja asubuhi ile Tatu alikuwa amekwama bafuni kwa mkwewe. Hakuwa na ugonjwa wowote. Muzamil, mume wa binti yake, alikuwa uani anakunywa chai, na Tatu, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyefundwa na mama mkali, asingethubutu kumpita mkwe akiwa na kanga ya kuogea na ndoo mkononi. Akakohoa kidogo. Muzamil, ambaye naye alifundwa, alikisikia kikohozi na kukielewa vizuri sana. Lakini chai ilikuwa ya moto na gari la kazini lilikuwa linakaribia kupita. Akaimeza hivyohivyo, akaungua ulimi, akatoka nje ya ua na andazi mkononi. Tatu naye akatoka bafuni, ameshakauka mwili mzima bila kujifuta.

Ndivyo walivyoishi, huu ukiwa mwezi wao wa saba. Mkwe kumstahi mkwe ni jambo jema sana kama mmoja anakaa mtaa huu na mwingine mtaa ule. Katika ua wenye mlango mmoja na choo kimoja, staha hiyo inageuka kuwa kazi ya kutwa. Zulfa, binti wa Tatu na mke wa Muzamil, alishinda akipeleka salamu kutoka chumba hadi chumba: mwambie mama, mwambie baba, mwambie mumeo asiingie kwanza.

Nyumba ya Tatu na mumewe ilikuwa palepale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, si mbali. Iliungua mwaka ule wa vita, watu walipokimbia mji. Waliporudi walikuta kuta zimesimama na juu mbingu tupu. Mshamu, mume wa Tatu, alizikandika upya kuta kwa mikono yake, akaweka mlango, akaweka hata kitasa. Kisha akaapa mbele ya watu, wakitoka kusali Ijumaa, kwamba yeye na makuti basi tena, makuti ameshaona yanavyowaka, na kwamba nyumba yake ataiezeka mabati. Bati lenyewe hakuwa nalo hata moja. Na mvua za mwaka zilikuwa zimebakiza wiki chache. Kila siku Tatu alipita kuitazama nyumba yake yenye kitasa na isiyo na paa, na kila siku alirudi kujificha kwa mkwe.

Jioni ya siku hiyo Muzamil alimkuta Mshamu barazani na gitaa lake.

"Baba," alisema akiwa amesimama, macho kwenye ndara zake, "kule jikoni kwetu, kambi ya gesi Afungi, wanatafuta mpiga gitaa. Kila Jumapili mchana, watu wakiwa wanakula. Wanataka muziki wa hukuhuku. Mkataba ni wa mwaka."

Mshamu hakuinua uso. "Wamekutuma uje kuniita?"

"Hapana, baba. Wanafanya teste. Anayetaka anakwenda kujaribiwa."

"Teste," alisema Mshamu. "Mimi."

Nyuma ya ukuta wa miti sauti ya Tatu ikasikika, ikizungumza na hewa ili isije ikazungumza na mkwe. "Kuna mtu humu ndani angependa mtu huko nje akumbuke kwamba mkataba wa mwaka ni mabati."

Tuseme kweli, Mshamu alikuwa na haki ya kununa. Yeye ndiye aliyeleta buluzi, ule muziki wa huzuni wa Kimarekani, hapo Palma. Alipokuwa kijana alinunua kanda moja kwa baharia, bandarini Mtwara, Mmarekani mweusi anaimba na gitaa lake, jina limefutika kwa jasho la mikono. Akakaa na kanda ile mpaka vidole vikavimba. Kabla yake hakuna mtu kutoka Rovuma mpaka Mocímboa aliyekuwa akiuvuta uzi wa gitaa mpaka ukalia. Waliokuja kujifunza aliwafundisha, akawapa na chai. Lakini mambo haya hakuna aliyekuwa akiyasema tena, kwa hiyo Mshamu alikuwa akijisemea mwenyewe, na Tatu alishayasikia ya kutosha.

Jumapili akaenda.

Pale getini mlinzi alimulika tochi ndani ya gitaa. Akauliza mna nini. Mshamu akamjibu kuwa mna sauti. Mlinzi hakucheka, alilitikisa gitaa mara tatu karibu na sikio lake, akalipitisha kwenye mashine pamoja na kofia na tasbihi, kisha akamvika mzee kadi shingoni iliyoandikwa VISITANTE. Mshamu aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo akaingia, mgeni mwenye kadi.

Ukumbi wa kulia ulikuwa mkubwa, una feni, unanukia sabuni. Wapigaji walikuwa wanne. Mmoja alitoka Pundanhar, amejaa vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Wa pili alikuwa Felismina, Mmakonde anayeuza bajia sokoni Palma na kupiga gitaa kanisani kwao. Wa tatu alikuwa Tarique, kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu, na huyu alikuja na gitaa la umeme na spika yake. Wa nne Mshamu. Mwenye kuwasikiliza alikuwa dada mmoja kutoka Maputo, jina lake Cátia, anasimamia jiko lote lile, mpole, ana daftari. Alizungumza Kireno, na wote walimwelewa.

Akaanza mtu wa Pundanhar. Akapiga buluzi, polepole, kila uzi ukivutwa kama mtu anayenyanyua gunia. Wimbo ukaenda, ukaenda, kisha mkono ukaachia nyuzi zote. Kimya. Kimya cha kumeza mate mara mbili. Halafu ikaingia sauti moja ya chini kabisa, na wimbo ukaendelea. Cátia akaacha kuandika. Alikuwa hajawahi kusikia kitu kama kile.

Akaja Felismina. Akapiga wimbo wa kanisani, na katikati ya wimbo wa kanisani akanyamaza vilevile, akarudi na sauti ya chini vilevile. Akaja Tarique na umeme wake. Polepole, kuvuta, kunyamaza, sauti ya chini. Wanawake wa jikoni walikuwa wamekusanyika mlangoni na taulo mabegani.

Mshamu alikuwa anatabasamu. Vitoto hivi, alijiambia, sasa vitamsikia mwenyewe. Akakaa, akapiga kwa moyo wake wote, akafika pale, akanyamaza.

Alipomaliza Cátia alipiga makofi. "Vizuri sana, papá. Umejifunza vizuri kwa hawa vijana."

Mshamu akalilaza gitaa magotini.

"Ila naona wote mmepiga namna moja," akaendelea Cátia kwa upole, na upole huo ulimwumiza zaidi. "Wenzako watatu wameshanionyesha hicho. Papá huna kitu chako mwenyewe?"

Mshamu alimtazama Tarique. Tarique alikuwa anatazama simu yake. Alimtazama mtu wa Pundanhar, naye anajifuta vumbi. Katika ukumbi mzima hakuna aliyesema kwamba huyu ndiye aliyeanzisha, na yeye mwenyewe aliona haya kujitaja, mtu mzima, na kadi shingoni. Cátia akawaambia warudi Alhamisi, kila mmoja na kitu tofauti, atachagua mmoja.

Jumatatu asubuhi Mshamu alivaa kanzu safi akaenda kudai chake.

"Shikamoo, mzee," alisema Tarique kibandani kwake, akimpisha kwenye kiti chenyewe cha pekee.

"Marahaba. Nimekuja kuchukua mkono wangu."

Tarique aliitazama mikono ya mzee, akaiona yote miwili ipo.

"Huo upigaji," alisema Mshamu. "Pale unaponyamaza. Pale ni pangu. Nani kakupa?"

"Nilifundishwa na marehemu mjomba wangu."

"Na mjomba wako alifundishwa wapi? Barazani kwangu. Alikuwa anaweka sukari vijiko vinne."

"Mjomba alikuwa anapenda sukari," alikubali Tarique. Kijana alikuwa na adabu, na adabu ilikuwa inamtesa. "Lakini mzee, hakuniambia. Mimi nilijua ndivyo gitaa linavyopigwa. Nilijua pale ndipo huzuni inapokaa, unaipisha, halafu unaendelea."

"Huzuni ya nani?"

"Yeyote aliyepo."

Mshamu aliinuka kitini. Akamwambia kwa ukali kwamba pale yule Mmarekani alikuwa analia, alikumbuka mama yake, sauti ikamkatika. Yeye Mshamu alikaa na kilio hicho miezi minane mpaka akakijua, si kitu cha kuokotwa kwa mjomba. "Usipaguse tena," alisema.

Tarique alichomoa simu moja iliyokuwa imejaa. Kazi ile na yeye aliitaka. Mtu hawezi kuoa kwa kuchaji simu za watu. "Sawa, mzee. Kama pana mwenyewe, sipagusi."

Felismina alikuwa mgumu zaidi. Alimsikiliza huku akigeuza bajia kwenye mafuta, akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Babu, sisi kanisani pale ni pa kupumulia. Wazee wa kwaya wanapumua. Nikipaondoa watanifia."

"Wapumulie kwingine."

"Nitamwuliza Mungu," alisema Felismina, akamfungia bajia tano kwenye karatasi. "Alhamisi sitakuja, lakini. Jikoni kwenyewe hawanihitaji, wana bajia zao." Mshamu alizikataa zile bajia mara moja tu, kisha akazipokea.

Jumanne Muzamil alirudi na jambo. Mpishi mmoja wa kule jikoni, mtu wa Afrika Kusini, alisikia teste yote akiwa anamenya vitunguu, akasema wimbo ule anaujua, baba yake alikuwa na sahani yake ya santuri. Akautafuta, akamtumia Muzamil kwenye simu. Muzamil akautuma kwenye simu ya Zulfa, Zulfa akaipeleka kwa baba yake, na Muzamil akatoka nje ya ua kwa sababu mama mkwe alikuwa anatwanga.

Zulfa akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na yenye furaha. Gitaa lilikuwa linakimbia. Mmarekani aliimba kama mtu ambaye gari linamsubiri nje, akafika pale, pale penyewe, akapita. Hakunyamaza. Hakukumbuka mama yake. Aliendelea na safari yake mpaka mwisho, na mwishoni akacheka.

"Huyu siye," alisema Mshamu.

"Maneno ndiyo yaleyale, baba."

"Siye. Rudia."

Zulfa alirudia mara nne. Mara ya nne Tatu aliacha kutwanga. Alisimama na mchi mkononi, na Mshamu, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa ameisoma sura hiyo, akaona kwamba mkewe anajua kitu.

"Sema," alimwambia.

"Mawe ya redio, zile betri," alisema Tatu. "Hukumbuki? Tulikuwa tunayaanika juani siku tatu ndipo yalie. Redio ilikuwa inakokota. Kila kitu kilikuwa kinakokota, hata kanda za kaswida. Wewe ukajifunza hivyohivyo inavyokokota."

Mshamu aliikumbuka ile redio. Hilo aliweza kulimeza. "Na pale?"

Tatu alikaa juu ya kinu. "Zulfa, kawashe moto."

"Moto unawaka, mama."

"Basi kaa usikie upuuzi wa mama yako." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kaka yako mkubwa alikuwa na surua. Siku ya tano, halali, hanyonyi. Na baba yako kanda, kanda, kanda, kutwa nzima. Akatoka kwenda kutafuta uzi wa gitaa. Nikaichomoa ile kanda. Nikauvuta utepe wote, ukajaa chumba kizima. Nilipomaliza nikaogopa. Nikaurudisha ndani kwa kalamu ya risasi, nusu siku. Kipande kimoja kilikuwa kimechanika vibaya, nikakitia motoni. Pale nikaziba kwa karatasi ya biskuti, shibiri nzima, nikagandisha kwa rangi ya kucha. Karatasi haiimbi."

Nje ya ua Muzamil naye alikuwa anasikia, na aliomba Mungu asije akapiga chafya.

"Miaka thelathini na tano," alisema Mshamu hatimaye, "nimewaambia watu kwamba pale mtu alikuwa analia."

"Alikuwa analia kweli," alisema Tatu. "Nilikuwa mimi."

Mshamu aliondoka na gitaa lake, akaenda kukaa ndani ya nyumba yao isiyo na paa, akafunga na kitasa.

Jumatano alikuwa amepata mpango. Cátia alitaka kitu tofauti. Basi atapata wimbo wenyewe, ule wa kweli, wa mbio, ambao hakuna mtu wa pwani hii anayeujua. Akawa anajifunza kwa simu ya Zulfa tangu asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vizee na vilikuwa na mwendo wao. Aliviharakisha, vikagongana. Akafika pale akapita kwa nguvu, mkono ukasita wenyewe, akautukana.

"Baba Zulfa," alisema Tatu kutoka jikoni, "kuna mtu anakufukuza?"

"Niache."

"Mwambie apite mbele, basi. Hata kuku wamehama ua."

Lakini alipomletea uji aliweka sukari nyingi, na alisimama pale kwa muda, akaisikiliza ile mbio. Alitaka mabati yale kwa moyo wote. Alitaka kuoga na kutoka bafuni wakati autakao, kitu kidogo hivyo, na alikuwa anaomba kila sala. "Utaweza," alimwambia. Hakuwa na hakika, ila alisema.

Alhamisi walifika wawili tu. Barabara ya Pundanhar ilikuwa haipitiki, na Felismina alikuwa na bajia zake. Cátia alikaa na daftari. Akaanza Tarique.

Kijana aliwasha spika, akapiga kwa ulaini, kwa uzuri, polepole kama alivyofundishwa. Akafika pale. Akapita. Alipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba bila kuingia kutoa pole, na uso wake ulionyesha kwamba anajua anachokifanya.

Mshamu alijiandaa kufurahi. Alikuwa ameiandaa furaha hiyo tangu Jumatatu, akaitafuta asiione. Kilichomjia ni uchungu. Alikuwa anasikia jinsi itakavyokuwa akishakufa: kijana mwenye adabu zake, kutoka leo mpaka uzee wake, anaruka pale kwa sababu mzee mmoja mwenye wivu alimkataza kibandani.

Cátia alinyanyua kalamu. "Subiri. Jumapili ulikuwa unaacha hapo. Kile kimya. Mbona umekiondoa? Nimemsimulia bosi wangu wiki nzima."

"Sina ruhusa," alisema Tarique.

"Ruhusa ya nani?"

Tarique alielekeza kwa kidevu, kwa heshima. "Ya mwenyewe."

Cátia akageuka. Akamtazama yule mzee mwenye kofia kama anamwona kwa mara ya kwanza, na uso ukamwiva kwa haya. "Ni cha papá?"

Hapo ndipo mabati yalipokuwa. Mshamu aliyaona. Kusema ndiyo kulitosha: ni changu, na mwingine haruhusiwi, na dada huyu angeandika jina lake kwenye daftari papo hapo. Hata ile mbio asingehitaji kuipiga. Akafungua mdomo kusema ndiyo.

"Ni cha mke wangu," alisema. Yeye mwenyewe alishangaa. "Alikiweka yeye. Mwanangu, piga. Nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe nikifika nyumbani."

Tarique hakungoja kuambiwa mara mbili. Alianza upya, akafika, akanyamaza, na mlangoni wanawake wa jikoni wakanyamaza na vijiko vyao. Kisha Mshamu naye akapiga, kwa mwendo wake wa siku zote, na alipiga vizuri kuliko alivyopiga miaka mingi. Lakini gitaa lake halikuwa na umeme, feni zilikuwa zinavuma, na sauti haikuvuka meza ya tatu. Cátia alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema watu wanaokula pale ni mia nane. Alisema anasikitika sana. Kazi akampa Tarique.

"Ulikuwa nayo mkononi," alisema Tatu.

"Nilikuwa nayo."

"Ukaitoa."

"Nikaitoa."

Walikuwa wamekaa chumbani kwao, uani kwa mkwe, mlango umerudishwa. Mshamu alimweleza yote, hakuacha hata lile la Cátia kuona haya. Kisha akamwomba radhi, kama alivyoahidi, mikono magotini.

"Kitu changu," alisema Tatu. "Unakigawa kitu changu bila kuniuliza, na anayekaa bafuni ni mimi." Mshamu aliinamisha kichwa kwa sababu ilikuwa kweli. "Masika yote tutakuwa hapa. Unajua hilo? Masika yote."

"Najua."

"Usinisemeshe mpaka kesho."

Hakumsemesha. Asubuhi Tatu alivaa buibui lake, akangoja gari la Muzamil lipite, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Alimkuta Tarique anafungua kibanda. Kijana aliacha funguo mlangoni, alidhani amekuja kulaani.

"Mwanangu, chuo cha Kurani ulisoma?"

"Nilisoma, mama. Nilihitimu."

"Mwalimu wako ulimfanyia nini?"

"Nilimlimia mihogo. Nilimtekea maji. Na kuni."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Na huyu wa gitaa?"

Tarique alianza kusema kwamba mwalimu wake alikuwa marehemu mjomba, akaishia njiani.

"Mimi sikuja kuomba," alisema Tatu. "Kazi umepata kwa halali, hongera. Nakukumbusha tu. Mtoto wa chuo hahitimu akaenda zake huku mwalimu hana paa. Waambie na wenzako. Yeyote anayenyamaza pale, awe amefundishwa na nani sijui, mwambie kule kimya kilikotoka kuna nyumba ina kitasa tu."

Mshamu alipopata habari alifadhaika. Akamwambia mkewe amemwaibisha mji mzima, gitaa si msahafu, na shehe akisikia itakuwaje. Tatu alimwuliza kama shehe ana bati la kuwaazima. Kuhusu kile kiapo cha makuti alimwambia kwamba mabati aliyatoa kwa mdomo wake mwenyewe pale Afungi, na mdomo huohuo unaweza kufunga siku tatu za kafara ya kiapo. Muzamil alijitolea kufunga pamoja naye. Alisema hivyo haraka mno, na kila mtu alimwelewa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata walikuja watu kumi na wanne. Mshamu alikuwa anawafahamu watano. Tarique alikuja na kamba na vijana wawili. Mtu wa Pundanhar alikuja na pikipiki, amefunga fito nyuma mpaka zinaburuzika chini. Felismina alileta wanakwaya sita, makuti vichwani, na sufuria la bajia. Akasema Mungu alimjibu kwamba kuezeka ni bora. Tatu alikaa kivulini mwa ukuta na wanawake, anashona makuti yaliyochanika, anaamrisha kila mtu. Mshamu alipanda ngazi, akasimama katikati yake, akawa anakosoa mafundo ya watu waliokuwa wakifunga vizuri kuliko yeye.

Karibu na adhuhuri akaingia mtu na baiskeli, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, gitaa mgongoni limefungwa kwa mfuko wa sukari. Alisema anaitwa Twalha. Alitoka Nhica do Rovuma, alilala njiani.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Mshamu kutoka juu.

"Mtu mmoja tulikutana Newala, mzee. Simjui alikofundishwa. Nilipata ujumbe kwenye simu, umepita kwa watu wengi." Akafuta jasho, akatazama huku na huku. "Mwalimu yuko wapi?"

Kazi ikatulia kidogo. Tarique alimtazama Mshamu. Mshamu alijifuta mkono kwenye shuka, akaweka kofia sawa, akashuka kipandio kimoja ili kijana asipate tabu kuufikia mkono wake.

Twalha alipita chini ya ngazi. Ujumbe aliopata ulisema mwalimu ni mama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kivulini, akamwona yule anayeamrisha wengine, akapiga goti mbele yake kwenye mabaki ya makuti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Tatu alibaki na sindano hewani. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mama fulani na mke wa fulani, na jina hili hakujua pa kulishikia. Aliinua macho juu, kwa mumewe. Watu wote walikuwa wanamtazama Mshamu, na Mshamu alikuwa bado ameunyoosha mkono kidogo mbele yake. Akauona, akaurudisha, akashika ngazi.

"Mwitikie, mke wangu," alisema. "Ametoka mbali."

"Marahaba, mwanangu," alisema Tatu, na ilimbidi aseme mara ya pili, kwa maana mara ya kwanza hakusikika.